Sare ya kwanza

Daftari langu la vipimo lina mwanzo mara mbili. Ukilifungua kwa mbele utakuta viuno, mabega na urefu wa sketi za watoto wa shule. Ukiligeuza ukaanzia nyuma utakuta michezo ya chesi iliyoandikwa hatua kwa hatua, na karibu yote nimefungwa. Ninashona kwenye kibaraza hapa Moshi mjini, si mbali na Soko Kuu, na sasa ni mwaka wa 19. Chesi nimeijua nikiwa na miaka 42. Kuna kipindi niliiacha, tena kwa nia ya kuiacha moja kwa moja, na sababu zangu zilikuwa za kweli. Nataka kueleza ilivyokuwa, kwa sababu nikiwa katika hali ile nilitafuta habari za mtu mzima mwenzangu aliyeipitia, nikakuta hadithi za watoto tu.

Ilianza Machi 2024. Kijana wa kidato cha tatu aliniletea suruali ishushwe pindo. Alikuwa amerefuka ghafla, kama wanavyorefuka umri ule. Nikamwambia asubiri nusu saa. Akakaa kwenye benchi la wateja, akatoa begini kitu kilichoviringishwa, nikadhani kaleta na kitambaa. Kumbe ni ubao wa chesi wa plastiki laini. Akautandaza, akapanga kete, akaanza kucheza peke yake: anacheza upande huu, anazunguka benchi, anacheza upande ule. Mguu wangu ukasimama kwenye cherehani bila mimi kuuambia.

"Mama, nikuonyeshe?" akauliza.

Mchezo wa mtaa wetu ni drafti. Wanaume wanacheza kwa vifuniko vya soda, wanapigishana kelele, na mwanamke hasogei pale. Sikuwahi kutamani. Lakini huu ulikuwa wa kimya, na kila kete ilikuwa na mwendo wake. Farasi ndiye aliyeninasa, kwa sababu ndiye peke yake anayeruka vichwa vya wenzake. Tukakubaliana: mimi nimshonee mfuko wa kete wenye kamba ya kuvuta, yeye anifundishe kila Jumamosi jioni akitoka kwenye masomo ya ziada.

Baada ya wiki mbili nilishona ubao wangu mwenyewe. Mabaki ya sketi za bluu, vipande 32. Mabaki ya mashati meupe, vipande 32. Nilikata kila kimoja inchi mbili na nusu, ili mshono ule robo inchi kila upande na kibaki kiboksi cha inchi mbili kamili. Nikaunganisha mistari minane, nikapiga pasi kila mshono uelekee upande mmoja, nikaweka bitana nzito chini ili usijikunje. Ukiutandaza juu ya meza ya kukatia, kona ya mkono wa kulia iwe nyeupe, unatulia kabisa hata upepo ukipita. Kete niliagiza Dar es Salaam zikaja kwa basi. Nayataja haya yote kwa sababu mtu aliyeshona ubao kwa mikono yake haachi mchezo kirahisi, na mimi nilikuja kuuacha.

Mchezo wangu wa kwanza ulidumu hatua nne. Malkia wake alitoka mapema, askofu wake akawa amelenga kutoka mbali, mimi nikasogeza farasi nikiona nimefanya la maana. Malkia akala askari wangu wa f7, kiboksi kilicho mshazari na mfalme wangu. Chekimeti: mfalme wangu ametishwa na hana pa kukimbilia, mchezo umeisha. Kijana akanieleza kwamba mwanzoni mwa mchezo askari yule analindwa na mfalme peke yake, ndiyo maana wanaoanza wote hupigiwa pale. Hilo halikuniumiza. Katika ufundi wangu pia kila anayeanza huchomwa sindano kidole kilekile.

Aprili ile kijana alinionyesha kwenye simu Tunde Onakoya, Mnigeria anayefundisha chesi watoto wa mitaa duni ya Lagos, akicheza saa 60 mfululizo pale Times Square, New York. Akanisimulia pia habari za Phiona Mutesi, binti wa Katwe kule Kampala, aliyetoka kwenye umaskini mkubwa hadi akaiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya chesi. Niliwafurahia kwa moyo wote. Lakini usiku kitandani nikaanza kuhesabu. Mutesi alianza akiwa mtoto. José Raúl Capablanca wa Cuba, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, alianza akiwa na miaka minne. Kijana wangu mwenyewe alianza darasa la tatu. Mimi nina binti wa kidato cha kwanza.

Halafu ikaja simu. Kijana aliniwekea Lichess, programu ya bure isiyo na matangazo, ili nifanye mazoezi katikati ya wiki. Unapojiandikisha inakuanzishia namba 1500, kisha namba inapanda au kushuka kadiri unavyocheza. Yangu ndani ya wiki moja ilikuwa 912. Nikaanza kuifukuzia. Nikimaliza kuosha vyombo, watu wamelala, nacheza mchezo wa dakika kumi. Nikifungwa, nacheza mwingine ili nirudishe kilichopotea. Nikishinda, nacheza mwingine kwa kuwa mkono umekuwa mwepesi. Nilikuwa nalala saa sita, saa saba usiku, na asubuhi saa mbili niwe kibarazani.

Jambo nililochelewa kulielewa ni kazi ya ile namba. Chimbuko la namba za aina hiyo ni hesabu za Arpad Elo, mwalimu wa fizikia wa Marekani mzaliwa wa Hungaria, ambazo shirikisho la dunia, FIDE, lilianza kuzitumia mwaka 1970. Ni hesabu za kukadiria: anayekuzidi pointi 200, mkicheza mara nyingi, anategemewa kuchukua karibu robo tatu ya pointi zote. Programu nayo hukutafutia mtu mwenye namba kama yako. Ukipanda, unapewa aliyepanda. Maana yake ni kwamba leo utafungwa nusu ya michezo, na miaka mitatu ijayo, ukiwa umeendelea sana, utafungwa nusu vilevile. Mtu mzima anayejiuliza "je, naendelea mbele?" akienda kutafuta jibu kwenye ushindi wa simu, hatalipata. Mimi nilikuwa nalitafuta huko kila usiku.

Agosti tulikwenda Arusha, kilomita kama 80, kwenye shindano dogo la siku moja. Nilivaa gauni langu jipya. Mlangoni msichana aliyekuwa anaandikisha majina akaniambia kwa heshima zote, "Mama, wazazi wanakaa upande ule." Nikamwambia nimekuja kucheza. Akaomba radhi mara tatu, na kila radhi ilinizidishia aibu. Michezo mitano, nikafungwa mitano. Wa tatu ulikuwa na mtoto wa kama miaka kumi, miguu haigusi sakafu. "Shikamoo," akanisalimu. Nikamwitikia, tukaanza. Kwenye hatua ya 11 nilimshika malkia, nikaona kwamba nikimsogeza ngome yangu inaliwa, nikamwachia. Mtoto hakusema neno, alininyanyulia macho tu. Sheria ni kwamba ukigusa kete yako lazima uicheze. Mimi ambaye kwa miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba kitambaa kikishapita kwenye mkasi hakirudi, nilitazamwa na mtoto wa miaka kumi hadi nikamsogeza malkia. Aliponimaliza akasema, "Pole, mama," akakimbia nje.

Kwenye basi la kurudi nilimuuliza kijana, "Hivi ninyi mnaona nini ambacho mimi sikioni?" Akanieleza kuhusu utafiti ambao baadaye niliutafuta nikausoma. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, William Chase na Herbert Simon, waliwaonyesha wachezaji ubao wenye kete kwa sekunde tano tu, kisha wakawaambia waupange upya kutoka kichwani. Mchezaji bingwa alirudisha kete nyingi mno kuliko anayeanza. Lakini kete zilipowekwa ovyo, bila mpangilio wa mchezo wowote, bingwa alikaribia kuwa sawa na anayeanza. Kwa hiyo si kwamba ana kumbukumbu ya ajabu. Ameshaona maumbo mengi sana, haoni kete moja moja.

Hilo nililielewa mara moja, kwa sababu ndivyo ninavyoona nguo. Mteja akishuka kwenye bodaboda nimeshamsoma: bega la kushoto liko chini kidogo, kiuno kiko juu, gauni hili litambana mgongoni akikaa. Mwanafunzi wangu anahitaji futi kamba na robo saa. Jicho hilo nimelipata kwa miaka mingi ya kukata na kuharibu. Na hapo ndipo moyo uliponiingia baridi. Nilijua kwa hakika, si kwa kukisia, jicho kama hilo linagharimu nini, na nikajiuliza kama ninayo miaka mingine kama ile ya kutoa.

Wifi yangu ndiye aliyelisema waziwazi. Alikuja kuchukua sare za wanawe akanikuta nimeinamia simu. "Wifi, kwa muda unaokaa na hicho kitu, ungekuwa umeshona mashati mangapi?" Hapa kwetu faida ni swali la kwanza kwa kila jambo, na sioni ubaya wake, ndilo lililosomesha watoto wa mlima huu. Nikapiga hesabu ya kweli: saa moja na nusu kila usiku ni shati moja la shule na vifungo vyake. Kwa mwezi ni mashati 30. Sikuwa na jibu la kumpa.

Mwanzoni mwa Desemba nikaharibu kazi. Desemba Moshi hujaa. Watu wanarudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi, kuna kipaimara, kuna harusi, kuna kila aina ya sherehe. Mama mmoja aliniletea kitenge yadi sita, chenye ndege wakubwa wa rangi ya machungwa wanaoruka kwenda juu, ashonewe gauni la kipaimara cha mwanawe wa mwisho. Kitenge cha namna hiyo kina kichwa na miguu. Ukikikunja vibaya ukakata, upande mmoja unageuka. Nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Lakini usiku nilikuwa nimecheza hadi saa saba, nikafungwa mchezo niliokuwa nimeushika, na asubuhi nikiwa na mkasi mkononi bado nilikuwa najiuliza ilikuwaje nikamwacha askofu bila ulinzi.

Mwanafunzi wangu ndiye aliyeona. Aliinua kipande cha mgongo, akakigeuza mara mbili kwa mashaka, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, mbona hawa wa mgongoni wako kichwa chini?"

Nilizunguka Soko Kuu, nikaenda soko la Mbuyuni, nikapanda basi hadi Arusha, na huko ndiko nilikopata kitenge kilekile, duka la nne. Faida ya wiki nzima ilikwenda. Gauni lilitoka kwa wakati na mteja hakujua lolote, ila mimi nilijua. Jioni ile nikaukunja ubao wangu, nikauweka chini ya boksi la bitana, nikaiondoa programu kwenye simu. Wiki hiyohiyo, tarehe 12 Desemba, Gukesh Dommaraju wa India akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 18. Kijana alipita mbio kunipa habari, uso umemjaa furaha. Nikamwambia nimeacha. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa, mama." Hakunibembeleza, na nilimshukuru kwa hilo.

Nataka nieleweke: kuacha kulinifaa. Januari ni mwezi wa sare, watoto wanafungua shule, na ule ulikuwa Januari bora niliowahi kuwa nao. Nililala saa tatu na nusu. Macho hayakuniwasha. Ningeambiwa siku zile kwamba sitacheza tena, nisingelia. Kuna watu wanasema usikate tamaa kwa jambo lolote ulilolianza, na mimi sikubaliani nao. Mtu mwenye kazi, watoto na umri wangu ana haki ya kuweka kitu chini. Asiyekiweka chini hata siku moja hawezi kujua kina uzito gani.

Februari 2025 kazi ilipungua. Siku moja mteja wa zamani alikuja na kitambaa cha shati, nikawa natafuta vipimo vyake, na kwa haraka nikafungua daftari upande wa nyuma. Michezo 38. Yote na yule kijana, yote kwenye ubao wa kitambaa, yote nimefungwa. Nilikuwa nimeiandika kwa mkono kwa sababu yeye alinilazimisha. Mteja alipoondoka nikaketi nikaisoma.

Michezo kumi ya kwanza hakuna hata mmoja uliovuka hatua ya 20. Katika kumi ya mwisho, saba ilivuka hatua ya 35. Katika yote 38, michezo 23 nilifungwa kwa kosa moja tu: kuacha kete bila mlinzi. Lakini katika ile kumi ya mwisho, kosa hilo lilitokea mara mbili tu. Kufungwa kwangu kulikuwa kumebadilika. Mwanzoni nilikuwa naanguka kwenye ngazi ya kwanza. Mwishoni nilikuwa naanguka juu kabisa, karibu na mlango. Hakuna namba iliyowahi kuniambia hivyo. Nikajaribu kukumbuka michezo ya simu, ambayo kwa hesabu ya programu yenyewe ilikuwa 611. Sikukumbuka hata mmoja. Saa zote zile, usingizi wote ule, ndege wale wa machungwa, na hakuna kilichobaki kichwani. Wakati huo mchezo wa tisa na kijana, wa Mei, niliweza kuupanga upya kwenye ubao mpaka hatua ya 14 bila kuangalia daftari.

Swali la miezi yote lilikuwa niache au niendelee. Nilipokuwa nimeketi pale niliona kwamba nilikuwa na michezo miwili tofauti yenye jina moja, mmoja ulinila na mmoja ulinifundisha, na niliiacha yote kwa kosa la mmoja.

Sikukaa peke yangu muda mrefu. Kibaraza cha pili kutoka kwangu kuna mzee fundi saa, mzaliwa wa Pangani, tumesalimiana miaka yote na hatukuwahi kuzungumza zaidi ya habari za wateja na umeme kukatika. Aliona nimetandaza ubao, akaja na kigoda chake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nilidhani umekiuza kitambaa chako. Panga basi, tucheze."

Kumbe alifundishwa na mjomba wake akiwa kijana, na mwenzake wa kucheza naye hapa Moshi alishafariki. Miezi yote ile alikuwa akiniona nikifungwa na mtoto wa shule, akisubiri nijue vya kutosha. Yeye huuita mchezo kwa jina la zamani, sataranji. Malkia kwake ni waziri, na askofu ni ndovu. Nilipochunguza nikakuta ana haki: mchezo ulitoka India ukapita kwa Waajemi na Waarabu, na huko kete ile ilikuwa waziri na hii ilikuwa tembo, umalkia na uaskofu viliongezwa Ulaya. Hata neno chekimeti ni maneno ya Kiajemi, shah mat, mfalme ameishiwa. Farasi peke yake ndiye tuliyekubaliana jina lake tangu siku ya kwanza. Kwenye daftari nilikuwa napata tabu kwa sababu mfalme na malkia wote wanaanza na M. Sasa malkia naandika W, ya waziri, kwa heshima ya babu.

Babu hacheki na hafundishi. Anacheza polepole, kikombe cha kahawa mkononi, na harudishi hatua. Lakini kwake niligundua jambo ambalo vijana hawakunionyesha, kwa kuwa nao sikuwahi kufika huko: mwisho wa mchezo, kete zikiwa zimekwisha na wafalme wawili wametoka kutembea. Mara mbili alinifunga kwa askari mmoja tu aliyebaki. Mara ya pili nilikwenda nyumbani na vifungo vitatu, viwili vikubwa vya koti kuwa wafalme na kimoja kidogo cha shati kuwa askari, nikavizungusha juu ya ubao wiki nzima, dakika kumi kila asubuhi kabla ya kufungua kazi. Ukikaa na vifungo vitatu kwa wiki nzima, kuna kitu kinafunguka.

Masharti niliyojiwekea Machi 2025 bado ni yaleyale. Simu haina mchezo wowote. Jumamosi nafunga kazi saa kumi na moja jioni, nacheza mchezo mmoja, mara mojamoja miwili, na mtu aliye mbele yangu. Kila mchezo unaandikwa. Asubuhi dakika kumi za fumbo moja. Siku nina mkasi na kitenge chenye kichwa na miguu, ubao haukunjuliwi kabisa. Msimu wa Desemba na Januari sichezi. Shindano nitakwenda tena nikitaka, na wakinionyesha viti vya wazazi nitasema shikamooni nipite. Wifi nilimpa jibu lake pia. Nilimwambia saa moja na nusu kwa wiki ni mashati machache kwa mwezi, na nimeamua kuyalipa, kwa sababu wakati ule peke yake ndipo ninapofikiri kitu ambacho hakuna mtu anakuja kukichukua kesho. Alitingisha kichwa, lakini aliketi akatazama mchezo hadi mwisho.

Juni shule zilifungwa, kijana akaja. Sasa yuko kidato cha nne, ameota ndevu kidogo, suruali nimeshamshushia mara nyingine. Alicheza na nyeupe. Kufika hatua ya 40 alikuwa amenizidi askari mmoja, na tukalana kete hadi kila kitu kikaisha. Kilichobaki: mfalme wake, askari wake kwenye mstari wa e safu ya sita, na mfalme wangu amesimama mbele ya askari. Mfalme wake nyuma. Zamu yangu.

Nilikuwa na viboksi vitatu vya kwenda, vyote nyuma: mshazari huku, mshazari kule, au moja kwa moja. Vyote vinafanana kwa macho. Lakini vifungo vyangu vilishaniambia. Nikienda mshazari upande wowote, mfalme wake anasogea kusimama kunikabili, kiboksi kimoja katikati, nami nalazimika kupisha, askari anapita anakuwa malkia. Nikirudi moja kwa moja, popote atakapotokea mimi ndiye nitakayemkabili. Mkono ulikuwa unatetemeka. Nikaushusha chini ya meza hadi utulie, maana ukigusa umecheza. Kisha nikarudi moja kwa moja.

Kijana akanitazama usoni, si ubaoni. Akaja upande, nikamkabili. Akasukuma askari, cheki. Nikarudi mbele ya askari. Sasa zamu yake, na lazima asogee: akienda pengine, askari wake mimi namla; akija nyuma ya askari wake mimi nakosa pa kwenda bila kuwa nimetishwa, na sheria inasema hapo mchezo umeisha, hakuna aliyeshinda. Alikaa muda mrefu. Mlima ulikuwa umefunguka jioni ile, Kibo nyeupe juu ya mabati ya soko. Mwishowe akamleta mfalme nyuma ya askari, akaninyooshea mkono wake juu ya ubao.

"Umejifunza wapi hii, mama?"

Babu, kwenye kigoda chake, akanywa kahawa.

Mwanafunzi wangu alikuwa anafagia vipande vya nyuzi. "Nani kashinda, fundi?"

"Sare," nikamwambia.

Akaacha ufagio, akageukia rafu. "Za shule gani?"

Nikaandika kwenye daftari, upande wa nyuma, mchezo wa 47, mwisho wake nusu kwa nusu. Kijana alikuwa ameshaanza kupanga kete upya, safari hii nyeupe upande wangu. Nilifungwa kwenye hatua ya 26, kwa farasi aliyemshika mfalme na ngome kwa pamoja. Nao nimeuandika, chini ya ule.